Kitunguu thomu: dawa ya jikoni na mipaka yake



Katika viungo vyote ninavyouza hapa Oyugis, hakuna kinachonunuliwa kwa maneno mengi kama kitunguu thomu. Mtu akija kutaka bizari hasemi kitu. Anapimiwa, analipa, anaondoka. Iliki vivyo hivyo, mdalasini vivyo hivyo. Lakini akishika thomu lazima aeleze. Mmoja ataka cha presha ya babake, mwingine cha kifua cha mtoto, wa tatu amesikia redioni kwamba chasafisha damu. Na wapo wanaongoja wateja wengine waondoke, kisha wanauliza kwa sauti ya chini: nikila hiki kila siku, naweza kuacha zile tembe za kliniki?

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Mimi ni mtu wa Mombasa, nina stashahada ya lishe, na kwa miaka sita sasa riziki yangu iko katika mji huu wa kaunti ya Homa Bay, kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Kisii. Banda langu liko sokoni, ndizi za Kisii upande huu, viazi vitamu vya Kabondo upande ule, na harufu ya omena wa Kendu Bay juu yetu sote. Si daktari wala si mganga. Lakini muuza viungo huulizwa mambo ambayo daktari haulizwi, na yale ninayowajibu watu wa huku ndiyo yale yale ninayowaambia jamaa zangu Kisauni na Likoni wanaponipigia simu, maana desturi zetu juu ya kitunguu hiki hazitofautiani sana.

Jina lake

Pwani twasema thomu, vitabuni huandikwa saumu, na yote yametoka kwenye neno moja la Kiarabu, thum. Hakihusiani na saumu ya Ramadhani, ambayo ni neno jingine kabisa lililokuja kufanana nalo midomoni mwetu. Hapa sokoni nimewasikia wanaosema "kitunguu sumu", na siku hizi nimechoka kuwasahihisha. Wataalamu wa mimea hukiita Allium sativum. Ni ndugu wa kitunguu maji, asili yake Asia ya Kati, na binadamu amekitumia kama dawa tangu zamani sana. Kimo katika mafunjo ya tiba ya Misri yajulikanayo kwa jina la Ebers, ya miaka kama 1550 kabla ya Nabii Isa, na kimo katika Qanun ya Ibn Sina, kitabu kilichosomeshwa kwa madaktari wa Mashariki na Ulaya kwa karne nyingi.

Vile vikubwa vyeupe unavyoviona madukani, vyenye punje nene, aghalabu vimetoka Uchina, nchi inayolima thomu nyingi kuliko zote duniani. Vile vidogo vyenye ganda la zambarau huletwa kutoka Tanzania, Mbulu na sehemu nyingine za Manyara. Bei ya hivi vidogo mara nyingine ni juu na kuvimenya ni kazi, lakini kwa pilau mimi sinunui kingine.

Tunavyokitumia

Nyumbani kwetu thomu haikai kwenye kabati la dawa. Iko kwenye kinu pamoja na tangawizi. Mtu akishikwa na mafua hutengenezewa supu ya mifupa yenye thomu, pilipili manga na ndimu. Mzazi akitoka kujifungua hupikiwa mchuzi wenye thomu nyingi na pilipili manga ili, kama wasemavyo mama zetu, tumbo lipate joto na maziwa yashuke. Mtoto mwenye kifua husuguliwa mgongoni kwa mafuta ya nazi yaliyokaangiwa punje mbili tatu. Wenye sikio linalouma hutiwa matone ya mafuta hayo hayo yakiwa vuguvugu. Wenye jino hubandika punje iliyopondwa. Wenye presha humeza punje mbichi asubuhi kabla ya kula kitu, na maji ya uvuguvugu juu yake. Kuna na wale wa asali: thomu iliyopondwa imerowekwa ndani ya chupa ya asali, kijiko kimoja asubuhi na kimoja usiku.

Hapa Oyugis thomu ni mgeni. Tiba ya asili ya Wajaluo ina mizizi, majani na magamba yake yenyewe, manyasi kama wanavyoyaita, na mama wazee wanaoyajua vizuri bado wapo. Thomu haikuwamo. Imeingia kwa njia ya soko na ya redio, na sasa kwa njia ya simu, na kwa kuwa imeingia bila mzee wa kuisimamia, imeingia bila kipimo. Mganga wa manyasi akikupa mzizi anakwambia ule lini, kiasi gani na uache lini. Thomu unaambiwa tu: kula, ni dawa. Halafu kuna wale vijana wa kipaza sauti wanaopita sokoni na chupa za mchanganyiko wa thomu, tangawizi, ndimu, asali na siki. Chupa moja hiyo yatibu presha, kisukari, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, na ugonjwa wowote utakaoutaja ukiwa umesimama mbele yake. Mimi nauza vitu vinne kati ya vitano vilivyomo humo na najua bei yake. Wanapata faida nzuri.

Nguvu yake inatoka wapi

Punje nzima ya thomu haina harufu kubwa. Ijaribu: shika isiyomenywa, uinuse. Harufu huja ikikatwa. Ndani ya punje mna vitu viwili vilivyotengwa katika vyumba vyake, kimoja kiitwacho aliini na kingine kimeng'enya kiitwacho alinasi. Kisu au mchi unapovunja kuta za vyumba hivyo, viwili hukutana na kuzaa kitu cha tatu, alisini. Hicho ndicho kinachowasha ulimi, kinachonuka, na kinachoua bakteria na kuvu katika sahani za maabara. Louis Pasteur aliona mnamo 1858 kwamba maji ya thomu yanazuia vijidudu kuota, na mwaka 1944 wanakemia wawili huko Marekani, Cavallito na Bailey, wakaitenga alisini yenyewe.

Kwa hiyo anayemeza punje nzima kama tembe hapati sana anachokitafuta. Na anayeiponda na kuitupa papo hapo kwenye mafuta yanayochemka anakiua kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Ukitaka ile nguvu ibaki, ponda au katakata, iache juu ya kibao dakika 10, ndipo upike, tena uitie mwishoni badala ya mwanzoni. Ladha itakuwa kali zaidi. Watu wengine wa nyumbani kwako watalalamika.

Imethibitishwa nini

Hapa ndipo maneno ya sokoni na vipimo vya wataalamu vinapoachana, ingawa haviachani kabisa, na ndiyo maana jambo hili ni gumu kueleza kwa sentensi moja.

Tuanze na presha, maana ndiyo inayoulizwa sana. Tafiti kadhaa zilizokusanywa na kupimwa pamoja zinaonyesha kwamba kwa watu wenye presha ya juu, wale waliopewa tembe za thomu walishuka kwenye ile namba ya juu kwa takriban 8 zaidi ya wale waliopewa tembe bandia. Ni kitu, si kelele tupu. Lakini ifanyie hesabu: mtu mwenye 160 akishuka 8 atakuwa na 152, na 152 bado ni presha. Mtu huyo asipokuwa na tembe zake, mishipa ya kichwa chake haitajua kwamba alikula thomu. Tena nyingi za tafiti hizo zilitumia tembe zilizotengenezwa kwa kipimo kimoja, wala si punje za sokoni, ambazo moja huweza kuwa mara mbili ya nyingine. Mafuta kwenye damu nayo hupungua kidogo kwa wenye kuzidiwa nayo. Shirika la Afya Duniani, katika kitabu chake cha mimea ya dawa cha 1999, linakubali thomu kuwa msaidizi wa lishe bora kwa watu kama hao, na kiasi linachokitaja ni gramu 2 hadi 5 za thomu mbichi kwa siku. Hiyo ni punje moja ya kawaida, au mbili ndogo. Kuna wateja wangu wanaokula kichwa kizima.

Mafua: kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2001, watu 146 kwa wiki 12. Waliokula tembe za thomu walipata mafua mara 24 kwa jumla, na waliokula tembe bandia mara 65. Tofauti kubwa, na huwa nautaja utafiti huo mara kwa mara. Lakini ni mmoja tu, na wataalamu walioupitia baadaye walisema mmoja hautoshi. Kwa aliyekwisha kushikwa na mafua, thomu haikumponya upesi kwa kiasi cha maana. Ile supu ya mifupa inywe, ina maji, ina chumvi, ina joto na kuna mtu aliyekupikia.

Korona ilipokuja 2020 bei ya thomu ilipanda, na Shirika la Afya Duniani likalazimika kutamka wazi kwamba ni chakula chenye faida ila hakuna ushahidi kwamba kinakinga na ugonjwa ule. Malaria je? Haitibu malaria. Huku ukanda wa ziwa mtoto akiwa na homa hupelekwa kupimwa damu siku ile ile, na kumsugua mafuta ya thomu mgongoni huku ukingoja asubuhi ni kupoteza saa ambazo mtoto hana.

Vile vya sahani ya maabara navyo visitupoteze. Jiki pia inaua bakteria kwenye sahani. Suala ni kiasi gani cha alisini kinafika kwenye damu yako kikiwa bado alisini, na jibu ni kidogo sana, kwa kuwa huvunjika upesi mwilini.

Ngozi, tumbo na damu

Madhara ninayoyaona zaidi kwa macho yangu ni ya ngozi. Thomu iliyopondwa ikifungwa juu ya ngozi huchoma kama pasi. Si mfano wa kutia chumvi. Madaktari wa nchi nyingi wameandika visa vya watu waliopata malengelenge na majeraha ya moto kamili kwa kubandika thomu kwenye goti, kwenye nyayo, kwenye chunusi. Ngozi ya mtoto mchanga ndiyo inayoungua upesi kuliko zote, hivyo punje iliyopondwa haifungwi kifuani wala unyayoni mwa mtoto, hata kwa saa moja. Wanaobandika kwenye jino hupata kidonda cha ufizi juu ya jino bovu walilokuwa nalo. Na dada zangu, kuna ushauri unaozunguka kwenye simu kwamba muwasho wa sehemu za siri hutibiwa kwa kuingiza punje ya thomu. Usiufuate. Pale pana ngozi laini kuliko midomo. Dawa ya fangasi hiyo ipo kwenye duka la dawa kwa bei ndogo, na muwasho wenyewe huenda ukawa si fangasi.

Sikio: kama linatoa usaha au maji, huenda ngoma imetoboka, na tone lolote la mafuta litapita kuingia ndani. Asitiwe kitu, aonwe kwanza.

Tumbo ni la pili. Kumeza thomu mbichi kabla ya kula huleta kiungulia, gesi, na kwa wenye vidonda vya tumbo maumivu ya usiku kucha. Anayetaka kuitumia ale pamoja na chakula, ndani ya kachumbari au juu ya maharagwe, itamfaa sawa.

La tatu ni damu, nalo halionekani. Thomu nyingi hupunguza uwezo wa damu kuganda. Kwa mtu mzima mwenye afya haina neno. Kwa anayetumia warfarin, clopidogrel, au aspirini ya kila siku aliyoandikiwa kwa ajili ya moyo, vitu viwili vinavuta upande mmoja, na imeripotiwa damu kuchelewa kuganda kuliko daktari alivyopanga. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani walieleza kisa cha mzee wa miaka 87 aliyevuja damu kwenye uti wa mgongo bila kuanguka wala kupigwa. Alikuwa akila punje nne hivi za thomu kila siku. Kwa sababu hiyo anayengoja upasuaji, hata wa kung'oa jino, huambiwa aache thomu ya dawa kwa muda usiopungua siku 7 kabla. Nimesema thomu ya dawa. Ile ya kwenye mchuzi haina shida.

Mama mjamzito naye ni hivyo hivyo: ya chungu ale bila wasiwasi, ya kumeza punje kwa punje aache, hasa karibu na kujifungua. Mwenye kunyonyesha, kuna jambo la kufurahisha. Mwaka 1991 watafiti wa Philadelphia waliwapa mama wanaonyonyesha thomu, wakakuta harufu imeingia kwenye maziwa, na watoto badala ya kukataa wakakaa titini muda mrefu zaidi. Mama zetu na ule mchuzi wao wa uzazi huenda waliona kitu, ijapokuwa hakikuthibitisha kwamba maziwa yenyewe huongezeka.

Wenye kisukari wanaochoma insulini au kumeza tembe, thomu huweza kushusha sukari kidogo juu ya dawa. Pima.

Tembe za kliniki

Sasa lile swali la sauti ya chini. Hapa nitakaa kidogo.

Uchunguzi wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta kwamba katika kaunti ya Homa Bay watu wazima 19.6 kati ya kila 100 wanaishi na virusi vya Ukimwi, ilhali wastani wa Kenya nzima ulikuwa 4.9. Maana yake ni kwamba katika foleni ya wateja wangu kumi, kwa hesabu tu, wawili wana tembe nyumbani. Sitaki kujua ni akina nani. Lakini nikiandika juu ya thomu nikiwa Oyugis na nisiguse jambo hili, nitakuwa nimeandika makala ya mji mwingine.

Hadithi ya thomu na Ukimwi ina historia mbaya. Afrika Kusini, waziri wa afya wa miaka ya 1999 hadi 2008, Dkt. Manto Tshabalala-Msimang, aliisifu thomu, kiazisukari na ndimu kwa wagonjwa wakati serikali yake ikichelewesha dawa za kupunguza makali ya virusi. Kwenye mkutano wa kimataifa wa Ukimwi wa Toronto mwaka 2006, banda la nchi yake lilipanga vitunguu thomu na ndimu mezani kama maonyesho. Mwaka 2008 watafiti wa Harvard walikadiria kwamba ucheleweshaji wa dawa kati ya 2000 na 2005 uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000. Thomu haikuwaua. Waliuawa na kukosa dawa, na thomu ilikuwa ndiyo kisingizio. Sisi wa Afrika Mashariki tusicheke, maana mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500 za Tanzania, na magari yalitoka mpaka huku Kenya.

Kuna na hatari ya pili, ambayo ni kuchanganya. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio dogo juu ya saquinavir, moja ya dawa za zamani za virusi. Waliwapa watu wenye afya dawa hiyo pamoja na tembe za thomu, na baada ya wiki tatu hivi kiasi cha dawa kwenye damu kilikuwa kimeshuka kwa nusu. Walipoacha thomu kwa siku 10, kiwango hakikurudi mahali pake. Kilifika asilimia 60 hadi 70 tu ya mwanzo. Mtu anayemeza dawa yake sawasawa, kwa saa yake, na damuni ipo nusu, ndiye anayewapa virusi nafasi ya kuizoea dawa.

Saquinavir si dawa inayotolewa siku hizi. Kenya ilianza kutumia dolutegravir mwaka 2017, na sasa wengi wanameza tembe moja kwa siku yenye dawa hiyo na mbili nyingine ndani yake. Thomu ya chakula haijulikani kuiharibu dolutegravir. Basi mtu atasema, tumesalimika. Hapana, kuna njia ya uchochoroni, na nimeiona kwa wateja wangu wenyewe. Mtu anaanza kumeza thomu mbichi asubuhi. Wiki ya pili ana kiungulia. Anakwenda dukani kununua tembe za kutuliza asidi, zile za kutafuna zenye magnesi na alumini, anazitafuna pamoja na tembe yake ya kliniki. Madini hayo huishika dolutegravir tumboni na kuizuia isiingie damuni. Kanuni yake ni kwamba dolutegravir imezwe saa 2 kabla ya dawa hizo za kiungulia, au saa 6 baada yake. Tembe za madini ya chuma wanazopewa wajawazito na zile za kalsiamu nazo zina kanuni ya namna hiyo. Zinaweza kumezwa pamoja na dolutegravir ikiwa ni wakati wa chakula, vinginevyo zitenganishwe kwa saa zile zile. Mhudumu wa kliniki anaweza kukupangia saa zako kwa dakika mbili, mradi umwambie unachokula.

Na hapo pana ugumu. Watu hawasemi. Nimeuliza kwa nini, na jibu huwa moja: wataniambia niache, au watanigombeza. Mzee mmoja aliniambia kwamba anamwogopa nesi kuliko ugonjwa. Kwa wahudumu wa afya wanaosoma makala hizi, Oyugis na Mombasa, nawaomba muulize kwa namna ambayo mtu anaweza kujibu. "Unatumia dawa ya kienyeji?" itajibiwa hapana kila siku. Uliza: "Nyumbani mnakula nini ukishikwa na kifua? Asubuhi unameza nini kabla ya chai?" Na kwa msomaji mwenye tembe, iwe ya presha, sukari, moyo au virusi, mpelekee mhudumu hata jina la kiungo ambalo unaona aibu kulitaja, na ile chupa ya kijana wa kipaza sauti ibebe kama ilivyo. Tembe uliyoandikiwa haiachwi wala kupunguzwa kwa sababu ya kitu chochote ulichonunua kwangu.

Chupa ya mafuta

Wengi hutengeneza mafuta ya thomu na kuyaweka rafuni wiki nzima, au mwezi. Hili ni kosa lisilo na harufu. Udongo una mbegu za kijidudu cha botulini, na punje ya thomu inatoka udongoni. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na kijidudu hiki hupenda pasipo hewa. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula thomu iliyohifadhiwa kwenye mafuta bila baridi. Sumu yake hupoozesha mwili, kuanzia macho na koo hadi kifua. Tengeneza ya kutumia siku hiyo. Ukiwa na jokofu, yakae humo siku tatu nne tu, kisha yamwage. Asali nayo mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi, iwe na thomu au bila thomu, kwa kijidudu hicho hicho.

Harufu

Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwataka waliokula thomu mbichi wasije msikitini wakiwaudhi wenzao, na masheikh wetu hulikumbusha hilo hasa Ramadhani, watu wanapotoka kwenye futari wakaingia tarawehe bega kwa bega. Ikipikwa vizuri harufu hupungua sana. Mswaki hausaidii mtu aliyekula mbichi, kwa kuwa harufu haikai mdomoni peke yake; sehemu ya salfa ya thomu huingia kwenye damu, hupita mapafuni na kutoka na pumzi kwa saa nyingi. Kinachosaidia kwa kiasi ni majani mabichi ya nanaa, tufaha bichi au maziwa. Maziwa yanywe pamoja na chakula chenyewe, kwani yakinywewa baadaye kazi yake huwa ndogo.